Neno la Baada ya Kengele

Profesa alipata uprofesa wake kwa kengele. Kengele yenyewe hasa, ya shaba, ile ya kugonga kwa kiganja ambayo huwekwa kaunta za nyumba za wageni ili mteja amwamshe mwenye zamu. Aliinunua alipokuwa mhadhiri msaidizi asiye hata na ofisi, na wanafunzi, ambao hawakosi jina la kumbandika mtu, wakamwita Kengele kabla yeye mwenyewe hajazoea mlio wake. Alijua. Hakuwahi kumwadhibu mtu kwa jina hilo, jambo ambalo wenzake wa idara walilihesabu kuwa wema wake pekee.

Fani yake ilikuwa saikolojia ya utambuzi: namna akili inavyopokea mambo, inavyoyashika na inavyoyapoteza. Jaribio lililomtoa lilikuwa jepesi kueleza, na ndiyo maana lilimtoa. Mshiriki anakaa kwenye kiti katika chumba cha mwisho wa ukumbi wa idara. Nyuma ya pazia la kijani, Profesa anasoma maneno kwa sauti isiyo na furaha wala huzuni: ndoo, barua, goti, mlango. Katikati anagonga kengele, kisha anaendelea kusoma. Mwisho mshiriki anatakiwa kuyataja anayoyakumbuka. Ikaonekana kwamba neno lililofuata kengele lilikumbukwa kuliko mengine yote, kana kwamba akili ilikuwa imesinzia kitini ikasikia hodi. Akaiita Athari ya Kengele.

Kwa neno hilo moja alipanda ngazi zote. Alikuwa mhadhiri, akawa mhadhiri mwandamizi, akawa profesa mshiriki, akawa profesa kamili, na kila alipopanda alihakikisha amemkanyaga mtu kidole. Kwenye kongamano moja la ng'ambo watu wazima wenye suti walisimama kumpigia makofi. Vitabu vya kiada vya nchi ambazo hajawahi kufika vilimpa aya nzima. Nyumbani hakupewa hata salamu. Vikao vya idara alivihudhuria kama mtu aendaye kung'olewa jino, tofauti ni kwamba yeye ndiye aliyeshika koleo. Marehemu mumewe, mpima ardhi, mtu wa maneno machache, alizikwa akisifiwa kwa uvumilivu wake, na waombolezaji wote wakageuka kumtazama mjane.

Washiriki wa jaribio hawakuwa shida. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilazimika kwenda "kutoa kichwa", kama walivyosema wenyewe, ndipo apewe alama za zoezi. Aliyetaja neno la baada ya kengele aliruhusiwa kwenda zake. Asiyelitaja aliitwa msinziaji: hakuwa makini, data yake ni takataka, arudi Jumamosi saa ya chakula aanze upya. Profesa hakuona ubaya wowote. Huwezi kupima macho ya mtu aliyeyafumba, alisema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza alijuaje kwamba yamefumbwa.

Sasa alikuwa amefika umri wa kustaafu. Palikuwa na cheo cha profesa mstaafu wa heshima, kisicho na mshahara wala dereva, ila mwenye nacho huachiwa chumba cha kufanyia utafiti hadi miguu imshinde. Bila heshima angeweza kuishi. Hali hiyo alishaizoea. Alichokitaka ni chumba. Mle ndimo alimokuwa mtu. Nje ya mle alikuwa mwanamke mzee mkali anayerudishia watu mboga dukani.

Aliyesimama kati yake na chumba hicho ni Mkuu wa Idara. Huyu alikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake wa maabara, kisha mwanafunzi wake wa uzamivu, na hatimaye, kwa maneno ya Profesa, adhabu yake. Tasnifu yake ilichunguza nini hutokea kengele inapolia mara mbili, ikagundua kwamba athari nayo huwa mara mbili. Makala iliyotokana nayo ilitoka na majina manne, la kwake likiwa la mwisho, baada ya la mwenzao aliyekuwa ameshafariki. Siku ile alicheka, akasema hakuna neno, Profesa. Watu wanaocheka siku kama ile ni wa kukimbiwa. Sasa alikuwa na tumbo, miwani ya bei na ombi la kuwa Mkuu wa Kitivo, na alikitaka chumba cha mwisho wa ukumbi ili akifanye Kituo cha Ubora. Ubora wa nini, hakuna aliyeuliza.

"Profesa," alisema kwenye kikao cha idara, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "kamati ya vyeo itauliza maswali. Huko nje siku hizi kila jaribio la zamani linarudiwa upya. Si kwamba sisi tuna shaka."

"Sisi nani? Sema mimi."

"Ni utaratibu tu."

"Rudieni. Leteni wauguzi, leteni mafundi bomba, leteni wapita njia. Kichwa ni kichwa."

"Na asimamie mtu asiyefungamana na upande wowote."

"Asimamie hata mama yako mzazi, kijana."

"Mimi si kijana, Profesa. Nina wajukuu."

"Basi Mungu awaepushe wasikurithi."

Mhadhiri mmoja alikohoa ili asicheke. Mkuu wa Idara akaandika kitu, akakipigia mstari chini. Profesa alitoka kikaoni akijiona mshindi, na hapo ndipo alipokuwa ameshajipalia makaa.

Wakaletwa wauguzi, wanafunzi wa chuo cha ng'ambo ya barabara, wasichana na wavulana wenye viatu vyeupe na nyuso za kujituma. Mhadhiri wa takwimu, mtu asiye na urafiki na yeyote, aliketi nyuma ya pazia badala ya Profesa. Wauguzi walisikiliza, wakasikia kengele, wakataja maneno mengi kwa bidii yao yote, wakashukuru, wakaondoka.

Mkuu wa Idara alileta matokeo mwenyewe. Hakubisha hodi wala hakukaa.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna kitu gani?"

"Athari. Hakuna. Neno la baada ya kengele limekumbukwa sawa na majirani zake. Kama ipo tofauti, liko chini kidogo."

Profesa akaitazama michoro ya matokeo. Pale ambapo kwa miaka yote palikuwa na mlima, palikuwa na uwanja wa mpira.

"Wamesinzia hao. Waite tena."

"Hatuwaiti tena, Profesa. Siku hizi hairuhusiwi." Akashusha sauti. "Tunaojua ni mimi na yule wa takwimu, na yule hata mkewe hamsemeshi. Ukisema umechoka, hutaki cheo, unarudisha ufunguo, kamati haina haja ya kuyaona haya. Tutakuaga vizuri. Nitaagiza keki."

"Itunze. Itafaa kwenye matanga yako."

"Una hadi siku ya kamati," alisema Mkuu wa Idara, akicheka vilevile kama zamani, akatoka bila kufunga mlango.

Jumapili Profesa alikwenda kula kwa mwanawe, kama ilivyokuwa ada, ingawa hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha na kwa nini mtu huyo hajafungwa jela. Mwanawe alikuwa amemwoa mmoja wa wanafunzi wake Profesa, msichana aliyekuwa mzito darasani na baadaye akawa afisa wa mikopo benki, kazi iliyomfundisha kumsikiliza mtu hadi mwisho kisha kumkatalia. Mkwe na mkwe waliitana "Mama" na "mwanangu" kwa adabu kali kiasi kwamba yule mwanamume aliyekaa katikati yao alikuwa na vidonda vya tumbo.

"Hawana umakini kabisa wale," Profesa alisema, akimsukuma kuku upande mmoja wa sahani. "Neno unasomewa, kengele unagongewa, bado hulishiki. Na kesho mtu atawakabidhi sindano."

"Labda ni uchovu, Mama," mwanawe akasema.

Mkwewe aliichekea sahani yake. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini kilisikika.

"Kuna kichekesho, mwanangu? Tugawie na sisi."

"Hamna kitu, Mama."

"Hata darasani kwangu ulikuwa hivihivi. Kucheka pasipo na sababu. Si nilikurudisha wewe? Nakukumbuka. Msinziaji."

Kijiko kikawekwa mezani. "Jamani," mwanawe alisema, "chakula kinapoa."

"Ulinirudisha mara moja, Mama," mkwewe alisema taratibu. "Mara ya pili sikurudi, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa."

"Umeambiwa nini?"

"Alichoambiwa kila mtu. Kengele ikilia, shika neno linalofuata, hayo mengine yaache yapite. Lile ndilo analolitaka. Ukilitaja unatoka, unawahi chakula. Tuliambiwa na wa mwaka wa pili. Wao waliambiwa na waliowatangulia. Na sisi tukawaambia waliokuja nyuma yetu. Ilikuwa kama kuonyeshwa choo kiko wapi."

"Uongo huo."

"Wale wauguzi hawana kosa, Mama. Wanasoma ng'ambo ya barabara tu. Hawakuwa na wa kuwaambia."

"Mamia ya watu! Miaka yote! Na asitokee hata mmoja wa kuniambia?"

"Wewe ni mtu wa kuambiwa?"

Mwanawe akanywa maji. Profesa alijaribu mlango wa mwisho.

"Msaidizi wangu alikuwa pale nje akiwapanga. Angewasikia."

"Atusikie?" Sasa mkwewe alicheka waziwazi, na cheko lile lilikuwa limesubiri muda mrefu. "Si ndiye aliyekuwa akitukumbusha! 'Haya jamani, msiniweke hapa hadi jioni. La baada ya kengele, kisha kila mtu kwao.' Na lilipokuja jaribio lake mwenyewe, lile la kengele mbili, akatukumbusha mara mbili."

Profesa angeweza kuvumilia kama mkwewe angekuwa anasema uongo. Shida ni kwamba alikuwa mwanasayansi kuliko alivyokuwa mama mkwe, na palepale, kuku akiwa mbele yake, aliona kila kitu kinakaa mahali pake. Ndiyo maana athari ilikuwa kubwa zaidi mwisho wa muhula kuliko mwanzo wake. Ndiyo maana ilizidi kukua mwaka hadi mwaka, jambo aliloliandikia makala nzima akisingizia kelele za mjini. Na aliona lililo baya kuliko yote, ambalo mkwewe, kwa hasira zake, hata hakulifikia. Aliyesahau aliitwa tena, aliyempa alichotaka aliachiwa akale. Yeye ndiye aliyewafundisha, kama afundishwavyo mbwa, ila mbwa hawapokezani masomo.

"Kuku wako amekauka," alimwambia mkwewe, akachukua mkoba wake.

Asubuhi yake aliingia ofisini kwa Mkuu wa Idara. Hakubisha hodi wala hakukaa.

"'La baada ya kengele, kisha kila mtu kwao,'" alisema.

Mkuu wa Idara alikuwa na kikombe mkononi. Alikirudisha mezani polepole, kama kimejaa, na kilikuwa kitupu.

"Nani kakwambia?"

"Hata kukana hukani?"

"Nilikuwa na njaa, Profesa. Sote tulikuwa na njaa! Unatuweka pale hadi saa tisa, mgahawa unafungwa, wewe una sandwichi yako nyuma ya pazia. Tulikuwa tunasikia harufu."

"Na tasnifu yako nayo ilikuwa na njaa?"

Tasnifu ile ilikuwa imetulia maktabani, mahali ambapo kwa miaka mingi hapakuwa na hatari ya mtu kuisoma. Alipopanga habari ya wauguzi alikuwa amepiga hesabu kwamba zogo lote litamwangukia mwenye kengele; mwenye kengele mbili hakuna anayemkumbuka. Kitivo kilikuwa kinamsubiri. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Unataka nini?"

"Unajua ninachotaka."

"Chumba."

"Na wauguzi?"

"Wauguzi gani?" alisema Mkuu wa Idara.

Basi wakaelewana, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, na kila mmoja akaona kinyaa.

Kamati ya vyeo ilikaa katika ukumbi wenye mazulia na mapazia mazito, chini ya Naibu Mkuu wa Chuo, mtaalamu wa udongo, mtu mpole aliyeamini kwamba kila jambo linaweza kumalizika kabla ya chai. Profesa alikaa mwisho wa meza. Hakutakiwa kufanya chochote. Alitakiwa kukaa tu, na kukaa alikujua.

Mkuu wa Idara akasimama, akaanza kumvisha kilemba cha ukoka.

"Ndugu Mwenyekiti, nimesimama mbele yenu nikiwa tunda la mikono ya mama huyu. Ametulea. Ametunoa. Ugunduzi wake umeitangaza taasisi hii kwenye kila pembe ya dunia, nao umesimama imara hadi leo. Pale mlangoni pa maabara yake ndipo nilipojifunza utafiti ni nini."

Wajumbe walitikisa vichwa. Aliongea vizuri, hilo ndilo lililomchoma. Profesa alisikiliza sauti isiyokwama, ikitua mahali hasa inapotakiwa kutua, na akaitambua. Ni sauti ya mtu aliyeambiwa yule bibi anataka neno gani, akalishika, anataka atoke. Alikuwa ameisikia maisha yake yote nyuma ya pazia la kijani na kuiita ushahidi. Akaona na siku zijazo: kila asubuhi anafungua mlango kwa ufunguo aliopewa na huyu, anasalimiwa ukumbini na huyu, na katika jicho la huyu, kila siku, wauguzi gani.

"Ahsante sana," alisema Naibu, akitupia jicho saa ya ukutani. "Sidhani kama tuna ubishi hapa. Profesa, una la kuongeza, au twende kwenye chai?"

"Nina swali kwa msemaji," alisema Profesa. "Pale mlangoni. Waambie wajumbe ulikuwa ukiwaambia nini wanafunzi."

Mkuu wa Idara akatabasamu kwa meno ya juu peke yake. "Profesa anapenda mzaha."

"Tangu lini?" alisema mjumbe mmoja, kwa mshangao wa kweli.

"Kama neno limekutoka, anza na wauguzi," Profesa akaendelea.

"Wauguzi gani?" aliuliza Naibu.

"Ndivyo alivyoniuliza na yeye."

Kisha akasimama, akawaeleza. Aliwaeleza kwa sauti yake ya darasani, kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza: mbinu, kasoro, matokeo. Hakuacha kitu. Jumamosi, saa ya chakula, wasinziaji, foleni, kengele mbili na kukumbushwa mara mbili. Alipofika kwenye sehemu yake mwenyewe hakupunguza mwendo wala hakulainisha neno. Alijichana kama ambavyo angeichana kazi ya mtu mwingine, na aliyeangalia vizuri angeona kwamba alikuwa akifurahia kidogo. Chai ilipoa chumba cha pili.

Baadaye watu walikiita kitendo kile uadilifu. Profesa aliposikia alikasirika, akasema hajawahi kumtukana mtu wa chuo hiki kiasi hicho, hata wale waliostahili.

Uamuzi ulitoka siku hiyohiyo, kwa sababu Naibu alikuwa amechukia kukosa chai. Cheo cha heshima hakikutolewa. Makala za Athari ya Kengele zitaombewa kufutwa majaridani. Tasnifu ya Mkuu wa Idara itatahiniwa upya na watu wa nje, na ombi lake la ukuu wa kitivo litasubiri, maana yake limekufa. Chumba cha mwisho wa ukumbi hakitakuwa maabara wala Kituo cha Ubora. Kitahifadhi meza za mitihani.

Profesa alimkuta Mkuu wa Idara kwenye ukumbi wa idara akimsubiri, miwani mkononi, macho mekundu.

"Ulikuwa umeshakipata!" Hakujali nani anasikia. "Chumba kilikuwa mkononi mwako! Ilibaki kukaa kimya dakika mbili. Ulitaka nini tena, mwanamke wewe?"

"Nilitaka nisipewe na wewe."

"Umejimaliza."

"Mimi nimestaafu. Wewe ndiye una miaka mbele."

"Nilikubebea mikoba. Nilikuchukulia mtoto shule. Jina langu ukaliweka nyuma ya maiti!"

"Maiti alikuwa ameandika vizuri zaidi."

Milango ya ofisi ilikuwa imefunguka yote, kila mmoja kwa upana wa pua. Profesa alimpita, akaenda kufungasha.

Kufungasha hakukuchukua muda, kwani vitu vingi mle havikuwa na maana tena. Alikuwa bado anakunja pazia, fundi wa idara ya majengo alipokuja kupima meza ngapi zitaingia. Mwenzake hakuwa amefika kazini, kwa hiyo Profesa akashika ncha ya tepu, akaibana kwenye kona kwa kidole gumba, na fundi akarudi nyuma nayo hadi mlangoni. Hapo Mkuu wa Idara akatokea. Alisimama kizingitini, akakiangalia chumba, akamwangalia yeye aliyechuchumaa pembeni na vumbi magotini. Alifungua mdomo. Huenda alitaka kuomba kitu. Huenda alitaka kumalizia tusi.

"Sogea," alisema Profesa. "Umekanyaga tepu."